Kufundisha sayansi kwa kuanza na tatizo, darasa la watu 74: wanajadili sana, hawachambui. Mnafanyaje?

TichaTemeke

Wakuu, habari za kazi.

Niko Temeke, nafundisha Kemia na Baiolojia Kidato cha Tatu. Mkondo mmoja una wanafunzi 74, maabara ni moja, vipindi vya dakika 40 na kimoja tu cha mkupuo kwa wiki. Semina zote siku hizi wimbo ni ule ule: mpe mwanafunzi tatizo kwanza, maarifa yatafuata, fikra tunduizi zitajengeka. Sipingi. Ila darasani inakwenda hivi: tatizo linaandikwa ubaoni, vikundi vinakaa, yule mmoja anayeongoza mitihani anafungua kitabu, anatafuta mada inayofanana, ananukuu, wenzake wananakili. Siku ya kuwasilisha tunasomewa kitabu kwa sauti. Hakuna anayemuuliza mwenzake "umejuaje?"

Naomba vitu vinavyofanyika. Tatizo zuri linaandikwaje? Vikundi vya watu wengi hivi mwalimu mmoja anaviendeshaje? Na alama naziweka wapi, maana ofisi ya taaluma inataka kuona namba. Mada inayofuata ni ugumu wa maji (maji yenye kalsiamu au magnesiamu iliyoyeyuka, yanayokula sabuni bila kutoa povu), mwenye mfano wa hapo atanisaidia zaidi.

---

Kipimajoto

Ticha, kabla hujagusa vikundi angalia tatizo lenyewe. Ukiandika "Eleza vyanzo vya maji magumu na namna ya kuyalainisha", jibu liko kitabuni, sasa mtoto ahangaike kwa nini? Tatizo linalofikirisha linaruhusu maelezo mawili au matatu ambayo yote mwanzoni yanaonekana ya kweli, halafu ushahidi unayaangusha baadhi. Kitabu kitampa mwanafunzi maelezo yote matatu. Hakitamwambia lipi ni la kisima hiki.

Kwa mada yako, ukurasa wa kwanza uwe kama hivi:

"Mama mwenye nyumba Mbagala amechimba kisima. Wapangaji wanalalamika. Mche wa sabuni uliokuwa ukitosha wiki mbili sasa hauvuki wiki moja. Sufuria ya kuchemshia maji imeota ukoko mweupe. Maji yana ladha ya chumvi kwa mbali. Mpangaji wa kwanza anasema chumvi ndiyo inayokula sabuni. Wa pili anasema maji yachemshwe kabla ya kufulia, basi. Wa tatu anasema sabuni za siku hizi ndizo mbovu. Mama ana fedha ya suluhisho moja. Mshaurini, na mwonyeshe mmejuaje."

Ukoko ni dalili ya kweli. Chumvi ni dalili ya kupotosha, na inapotosha vizuri kwa sababu visima vingi vya Dar, hasa vya karibu na pwani, vina chumvi kweli na kila mtoto anajua. Fedha ya suluhisho moja inawanyima kusema "tufanye yote". Na neno "ugumu wa maji" halimo popote. Ukiliandika tu, umeshawaonyesha ukurasa wa kunakili.

Mezani unaweka chupa tatu: maji ya kisima X, maji ya mvua, na maji yaliyotiwa chumvi peke yake. Kabla hawajagusa chupa, kila mwanafunzi, peke yake, anaandika kwenye kipande cha karatasi: "Kama mpangaji wa kwanza yuko sahihi nitaona ___. Kama amekosea nitaona ___." Anarudia kwa wa pili na wa tatu. Hapa ndipo pa kutumia muda wako, usiharakishe. Wengi watajaza "maji hayatatoa povu" kwenye kila nafasi. Warudishie. Waulize: kama wapangaji wote watatu wanatabiri kitu kimoja, kipimo hiki kitakusaidia kumchagua nani? Polepole atatokea wa kusema, "Basi tupime maji ya chumvi tupu." Mwingine ataongeza, "Tutumie sabuni hiyo hiyo kwenye maji ya mvua." Wakifika hapo wanapanga jaribio wenyewe.

Matokeo yanakuja hivi. Maji ya chumvi tupu yanatoa povu karibu sawa na ya mvua: mpangaji wa kwanza ameanguka. Sabuni ile ile inatoa povu zuri kwenye maji ya mvua: wa tatu naye chali. X ikichemshwa, sabuni inayohitajika inapungua, ila haishuki hadi kiwango cha maji ya mvua. Darasa litashangilia kwamba wa pili ameshinda. Waache washangilie, kisha uliza swali moja: "Mbona bado si kama ya mvua?" Mwenye maelezo hapo hayupo, na ndiyo nafasi uliyokuwa unaitafuta. Sasa vitabu vifunguliwe, watafute kwa nini sehemu ya ugumu inaondoka kwa kuchemsha na sehemu inabaki.

Ukurasa wa pili unaugawa baada ya hapo, kamwe si mapema: ndoo ya lita 20 kuifikisha kwenye kuchemka kutoka nyuzi 25 inahitaji takriban kJ 6,300, kilo ya mkaa ina takriban kJ 30,000, na jiko tuseme linatumia vizuri asilimia 20 tu. Wapige hesabu. Watapata kama kilo moja ya mkaa kwa ndoo moja, tena kwa nusu ya kazi. Linganisha na gramu 10 hadi 20 za sodiamu kaboneti, inayolainisha maji bila moto, kwa ndoo hiyo hiyo. Halafu asikosekane wa kuuliza kama maji yaliyotiwa sodiamu kaboneti ni ya kufulia au ya kunywa. Kikundi kitakachoshauri "ya kufulia tia kaboneti, ya kunywa ni shauri lingine" kimefikiri.

---

Sista_Maabara

Kipimajoto kaeleza vizuri ila ameruka jikoni, na huko ndiko somo linakofia. Ticha, chukua vipimo.

Mchanganyiko wa sabuni: kwangua gramu 6 za sabuni ya mche, yeyusha kwenye mL 600 za maji ya mvua ya uvuguvugu. Inatosha vikundi 12. Usitumie sabuni ya unga hata kama ndiyo iliyopo. Ile imetengenezwa itoe povu hata kwenye maji magumu, na jaribio zima litakuonyesha kwamba X haina tatizo lolote.

Ugumu wa muda (ule unaoondoka kwa kuchemsha): chukua mL 300 za maji ya chokaa yaliyochujwa, ongeza maji ya mvua yafike lita 1.5. Pitisha gesi ya kaboni dayoksaidi (siki juu ya baikaboneti ya sodiamu inatosha) hadi weupe utokee na kisha utoweke. Kupuliza kwa mrija mdomoni hakufai hapa, gesi ni kidogo na utachoka kabla maji hayajawa maangavu. Usipoyazimua maji ya chokaa mwanzoni weupe haumaliziki. Tengeneza siku hiyo hiyo, jaza chupa hadi shingoni na ufunge, la sivyo gesi inatoka na chokaa inakaa chini.

Ugumu wa kudumu (usioondoka kwa kuchemsha): gramu 0.75 za unga wa jipsamu kwenye lita 1.5, koroga, acha usiku kucha, chuja. Huo wa duka la vifaa vya ujenzi unafaa, ila baadhi umechanganywa na chokaa isiyoyeyuka, ndiyo maana nasema uchuje. Najua utashawishika kutumia chumvi ya Epsom kwa sababu inapatikana duka la dawa. Acha. Ile ni magnesiamu: povu linatokea, unaandika jibu, kisha linapotea, na sodiamu kaboneti haiitoi vizuri kwenye maji kama inavyoitoa kalsiamu. Utawachanganya bure.

X ni nusu kwa nusu ya hizo mbili, lita 3 jumla, pamoja na gramu 6 za sodiamu kloraidi. Chupa ya chumvi tupu ni gramu 2 kwa lita. Chumvi hii iwe ya maabara. Chumvi ya mawe ya sokoni imekaushwa kutoka maji ya bahari, ina magnesiamu na kalsiamu yake, nayo inakula sabuni kidogo. Mpangaji wa kwanza ataonekana ana hoja kumbe ni uchafu wa chumvi.

Kupima: mL 20 za maji kwenye chupa tupu ya maji ya mL 500 yenye kifuniko. Tia sabuni mL 1 kwa bomba la sindano, funga, tikisa sekunde 10, laza chupa. Povu lisipodumu dakika 2, ongeza mL 1 nyingine. Maji ya mvua yanataka kama mL 1. X mbichi itakwenda hadi 7 hivi, iliyochemshwa 3 au 4, iliyotiwa kaboneti 1 au 2. Namba zako zitatofautiana kidogo kutegemea sabuni, kinachotakiwa ni mpangilio.

Kuchemsha ndiko kunakoharibu matokeo ya wengi. Ukichemsha mL 100 kwa dakika 10 unapoteza maji mengi kwa mvuke, ugumu wa kudumu unajikusanya kwenye kidogo kilichobaki, na kikundi kinakuja na jibu kwamba kuchemsha kumeongeza ugumu. Weka alama ya kalamu kwenye bika kabla, chemsha, acha yapoe kabisa, rudisha hadi kwenye alama kwa maji ya betri (yale yaliyokenekwa, si asidi yake!), kisha chuja. Kama majiko hayatoshi chemsha lita moja na nusu kwa darasa zima, kwa utaratibu huo huo.

Kaboneti kwa mizani zetu gramu 0.1 haipimiki. Yeyusha gramu 10 kwenye mL 100, halafu tia mL 1 ya huo mchanganyiko kwa kila mL 100 za X. Subiri dakika 10, chuja.

---

MzeeWaChaki

Nikija kwenye vikundi. Utaratibu huu wa kuanza na tatizo ulianzia kwenye kufundisha udaktari, Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada, mwaka 1969. Baadaye wenzao wa Maastricht, Uholanzi, wakaupanga katika hatua saba: fafanua maneno usiyoyajua, taja tatizo, toa maelezo yanayowezekana, yapange, orodhesha unachohitaji kujua, nenda kajisomee, rudi uripoti. Semina nyingi zinatupa hatua hizo saba kama zilivyo. Zilitungwa kwa kikundi kidogo chenye mkufunzi wake mezani. Ticha una watu 74 na wewe ni mmoja, kwa hiyo kazi ya mkufunzi lazima ibebwe na karatasi.

Panga vikundi 12: kumi vya watu sita, viwili vya watu saba. Vya wanane watatu wanalala. Usiache wachague marafiki, na usiwaweke vinara wote pamoja. Vyeo viwe vinne tu vyenye kazi inayoonekana: mwenyekiti, katibu, wa vifaa, na mpinzani. Mpinzani ndiye cheo cha maana kuliko vyote. Ana kadi yenye maswali matatu na hairuhusiwi kikundi kuandika jibu kabla hajayauliza: Umejuaje? Kuna maelezo mengine yanayotoa matokeo haya haya? Matokeo gani yangetufanya tubadili mawazo? Cheo kizunguke kila tatizo jipya, na kianze kwa mtoto wa kawaida. Ukimpa kinara wa darasa wenzake watamwogopa, ukimpa mcheshi ataugeuza mchezo.

Muda: kipindi cha kwanza dakika 40, ukurasa wa kwanza na utabiri wa kila mtu. Kipindi cha mkupuo, vipimo. Kama seti za vifaa ni sita, vikundi sita vinapima na sita vinapiga hesabu ya mkaa kwa maji ya kawaida tu, bila kutaja jipsamu wala chokaa, wanabadilishana dakika ya 40. Kipindi cha mwisho, vitabu, ukurasa wa pili na uamuzi. Jumla dakika 160. Ukifundisha mada hii kwa mhadhara na jaribio la kuonyesha mbele, hutaokoa muda mwingi.

Kuhusu kuwasilisha: futa kabisa ile ya vikundi 12 kupanga foleni mbele. Vikundi viwili tu vilivyofikia ushauri tofauti visimame, vingine vipewe kazi ya kuandika ni kipimo gani kingewaamua.

Na lugha. Hakuna anayesema hadharani ila wote tunajua: ukilazimisha mjadala wa utabiri uwe wa Kiingereza, kinachopimwa ni nani ana msamiati, na vichwa vizuri vinakaa kimya. Mjadala uwe Kiswahili. Karatasi ya mwisho Kiingereza, kwa sababu mtihani ni Kiingereza. Katikati weka ubaoni maneno kumi ya mada na sentensi mbili za mfano za kudai na kuthibitisha, wazitumie kujengea zao.

---

Kalsiamu_Tu

Naomba nipunguze shangwe kidogo. Mwaka 2006 watafiti wa elimu Kirschner, Sweller na Clark waliandika wakisema kumwachia mwanafunzi mgeni wa somo ajigundulie bila mwongozo wa kutosha kunamlemea akili, anatumia nguvu kutafuta badala ya kujifunza. Mwaka uliofuata Hmelo-Silver na wenzake wakawajibu kwamba kujifunza kwa tatizo, kukifanywa sawasawa, kuna mwongozo mwingi sana. Ukisoma pande zote mbili unaona wanakubaliana jambo moja: bila ngazi za kupandia, mtoto anaanguka.

Sasa rudi kwenye kisima cha Mbagala. Mtoto asiyejua ioni (chembe yenye chaji) ni nini, asiyejua kwamba vitu viwili vilivyoyeyuka vikikutana vinaweza kutoa kigumu kisichoyeyuka, atapima povu siku nzima na atatoka na "kuchemsha kunasaidia kidogo". Kwa hiyo kipindi kimoja kabla, fundisha wazi wazi: ioni, kuyeyuka, mashapo. Dakika 25 ubaoni na mifano miwili. Halafu toa tatizo. Tatizo kwanza haina maana ujinga kwanza.

Na si kila mada inafaa. Dhana ya moli usiilazimishie kisima. Pale mtoto anahitaji mifano iliyofanyiwa kazi mbele yake, kisha mazoezi, kisha mazoezi tena. Matatizo mawili hadi matatu ya namna hii kwa muhula yanatosha kabisa.

---

TichaTemeke

Asanteni sana, hasa Sista kwa ile ya kurudisha maji kwenye alama. Kalsiamu, nimekuelewa, kipindi cha ioni nakiingiza kwenye andalio.

Mawili yamebaki. Moja, hatua ya "kajisomee": simu shuleni hawaruhusiwi na vitabu ni kimoja kwa wanafunzi wanne. Pili bado sijaona namba za ofisi ya taaluma.

---

Kipimajoto

La kwanza ni rahisi kuliko unavyodhani, na pengine ni heri. Ingia wewe kwenye Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), chagua kurasa zinazohusu mada, chapisha nakala 12 za kurasa mbili. Ongeza ukurasa wa tatu ulioandika mwenyewe wenye dai moja lisilo sahihi, kwa mfano kwamba maji yote ya chumvi ni magumu. Wameshaona chupa ya chumvi tupu, wanao ushahidi wa kulipinga. Kikundi kitakacholinukuu bila kustuka kimekuonyesha kwamba kinanakili. Mwisho wa kipindi sahihisha ukurasa huo mbele ya wote, usitoke nao darasani ukiwa haujasahihishwa.

---

MzeeWaChaki

Alama: usimpe mtu alama ya kikundi. Alama ya kikundi ni ya yule mmoja aliyefanya kazi, ikagawiwa kwa wote. Mwisho wa kipindi cha tatu kila mwanafunzi apate nusu karatasi yenye kisima kingine, dakika 15, bila kitabu:

"Kisima cha Kigamboni. Sabuni iliyohitajika kwa mL 20 za maji: mbichi mL 8, yaliyochemshwa na kurudishwa ujazo mL 8, yaliyotiwa sodiamu kaboneti mL 1.5. Juma anasema yachemshwe muda mrefu zaidi. (a) Je, unakubaliana naye? Tumia namba. (b) Taja kipimo kimoja kilichokosekana ambacho ungekihitaji kabla ya kumshauri mwenye kisima. (c) Matokeo gani ya kipimo hicho yangekufanya ubadili jibu lako la (a)?"

Kila kipengele alama 0 hadi 3. Sifuri: hajajibu au amekariri maana ya maji magumu. Moja: ana msimamo bila namba. Mbili: ametumia namba ila hajaziunganisha na sababu. Tatu: namba, sababu, na amelikataa dai la Juma kwa kuonyesha kwamba 8 imebaki 8, kwa hiyo hakuna ugumu wa muda wa kuondoa. Kwenye (b) wazuri watasema maji ya mvua kwa sabuni hiyo hiyo. Mmoja au wawili watakwenda mbali zaidi na kudai maji ya mvua yenye kaboneti, ili wajue kama kaboneti yenyewe haisaidii povu. Hao wape tatu bila kufikiri mara mbili.

Karatasi 74 zinasahihishika jioni moja kwa sababu unasoma mistari sita kwa kila moja. Kipengele (c) ndicho kitakachoshuka zaidi mwanzoni. Kiandike peke yake kwenye rekodi, tatizo la kwanza hadi la tatu, na ofisi ya taaluma itapata namba zake zikiwa na maana. Kwa wanaohofia NECTA (Baraza la Mitihani), tazama maswali ya vitendo ya Kidato cha Nne: kueleza uchunguzi na kutoa hitimisho kutokana na matokeo ni stadi hii hii.

---

Binti_Mikrobi

Ticha umesema unafundisha na Baiolojia. Kwa magonjwa ya kuambukiza usihangaike na vifaa, tumia takwimu tu. London, mwaka 1854, kipindupindu kimeibuka mtaa wa Broad Street. Wakubwa wa wakati huo wanasema ugonjwa unatoka kwenye hewa chafu. Daktari John Snow anasema ni maji ya pampu ya mtaani. Wape ukurasa wa kwanza: ramani rahisi yenye pampu na nyumba za waliofariki zikiwa zimezunguka pampu. Karibu wote watasema Snow ameshinda. Uliza: hewa chafu nayo si ingekuwa imejaa mtaa huo huo? Ramani peke yake haiwaamui, na ni vizuri wagande hapo kwa muda.

Ukurasa wa pili: jirani kabisa na pampu kuna nyumba ya maskini yenye watu 535, wamefariki 5 tu, na ina kisima chake. Kuna kiwanda cha bia chenye wafanyakazi wapatao 70, hakuna aliyefariki, wanakunywa bia na wana maji yao. Wote wanavuta hewa ile ile. Sasa nadharia ya hewa iko matatani kweli.

Ukurasa wa tatu ndio ninaoupenda: mpini wa pampu uliondolewa tarehe 8 Septemba, vifo vikapungua. Je, kuondoa mpini ndiko kulikopunguza vifo? Wape mwenendo wa vifo kwa siku wakiwa hawajui tarehe ya mpini, wachore grafu, halafu uwape tarehe. Watagundua vifo vilikuwa vimeshaanza kushuka kabla, jambo ambalo Snow mwenyewe alilikiri. Mtoto atajifunza kwamba nadharia inaweza kuwa sahihi na ushahidi mmojawapo ukawa dhaifu. Baada ya hapo unaweza kuwaleta Dar ya Agosti 2015, mlipuko ulipoanza hapa kwetu, na kuwauliza wangetaka takwimu zipi kutoka mtaa wao kabla ya kusema chanzo ni kisima, matunda ya barabarani au mafuriko. Usiwape jina la mtaa hata mmoja kama mfano wa uchafu, maana darasani kuna anayetoka huko.

---

Pasi_na_Birika

Wa Fizikia tusisahaulike. Ekstensheni imeungua upande mmoja: birika la W 2,000 na pasi ya W 1,000 vilikuwa vimechomekwa pamoja, volti 230, ekstensheni imeandikwa A 10, na waya wake ulikuwa umeviringishwa. Maelezo matatu: mzigo umezidi (hesabu inatoa A 13), mguso wa plagi umelegea, au waya umeshindwa kupoa kwa kuviringishwa. Mahali palipoungua panaelekeza kwa maelezo tofauti: waya mzima, plagi tu, au katikati ya mviringo. Kazi iwe ya karatasi na picha, na betri za V 1.5 kwa kuonyesha waya mwembamba unavyopata moto. Umeme wa ukutani usiguswe na mwanafunzi. "Umeme mwingi umepita" lisikubaliwe kama jibu mpaka aseme ni mkondo, volti au ukinzani.

---

TichaTemeke

Binti, hiyo ya mpini naichukua. Sista, swali dogo: mchanganyiko wa sabuni naweza kutengeneza Ijumaa nikautumia Jumatatu?

---

Sista_Maabara

Unaweza, ila utakuta umeganda kama uji. Weka chupa kwenye maji ya moto mpaka ulainike, geuza taratibu bila kutikisa, acha upoe hadi joto la chumba, upime upya kwenye maji ya mvua kabla ya kugawa. Kama mvua sasa inataka zaidi ya mL 1, hiyo ndiyo namba yako mpya ya kulinganishia, iandike ubaoni. Maji ya chokaa yenye kaboni dayoksaidi hayo usithubutu kuyaacha hadi Jumatatu. Na maji ya mvua kinga baada ya paa kuoshwa na mvua ya mwanzo, vumbi la mabati nalo lina mambo yake.